Kabla ya Harambee, Tuulize Kama Kisu Kinahitajika

Limekuwa jambo la kawaida katika nchi yetu kwamba mtu anapoambiwa hospitalini kuwa ana kasoro ubongoni, jamaa zake hawaulizi kasoro hiyo ni ya namna gani. Huuliza ni shilingi ngapi. Kabla jua halijatua, kamati imekwisha kuundwa, mweka hazina amechaguliwa, nambari ya kupokelea pesa imesambazwa katika simu za watu, na mwalimu mkuu wa shule anakosoma mgonjwa ameombwa awatangazie wazazi. Fedha zikipatikana, mgonjwa husafirishwa hadi India kupasuliwa.

Hakuna mtu mwenye utu awezaye kuubeza ukarimu huo. Umeokoa maisha ya wengi ambao Serikali iliwasahau. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo swali lake la kwanza si la fedha, na ambayo kisu chaweza kuponya au kuangamiza kwa kutegemea swali lililoulizwa, au lililoachwa bila kuulizwa, kabla ya safari. Mojawapo ni ugonjwa wa mishipa ya damu iliyoungana isivyostahili ndani ya ubongo. Madaktari wana jina lao refu la kuuita. Katika safu hii tutauita fundo la mishipa, kwa kuwa ndivyo ulivyo ukiutazama.

Tumechagua kuwaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu ugonjwa huu hauwasubiri wazee. Aghalabu hujitokeza mtu akiwa kijana, kabla ya kufikisha umri wa miaka 40, na si mara chache hujitangaza darasani, uwanjani au bwenini.

Kila aliyesoma biolojia katika shule ya upili anaijua njia ya damu. Hutoka moyoni kwa nguvu kupitia ateri zenye kuta nene. Ateri hugawanyika zikawa nyembamba zaidi na zaidi mpaka zikawa kapilari zisizoonekana kwa macho. Na humo ndani ya kapilari damu hupunguza kasi, ikatoa oksijeni na chakula, kisha ikakusanywa na vena na kurejeshwa moyoni ikiwa imetulia. Sasa na tufikirie mahali ubongoni ambapo kapilari hazipo. Ateri zimeungana na vena moja kwa moja, katika fundo la mishipa iliyosokotana kama mizizi ya mkoko. Damu huingia katika vena kwa nguvu ambayo kuta za vena hazikuumbwa kuistahimili. Vena huvimba na kujipinda mwaka baada ya mwaka. Siku moja ukuta hupasuka, na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Hicho ni kiharusi, hata kama aliyepatwa nacho ana umri wa miaka 15.

Takriban nusu ya wagonjwa hujua kwamba wana fundo siku hiyo linapovuja. Wengine hutanguliwa na kifafa, na baadhi na maumivu ya kichwa. Wapo pia wanaogunduliwa kwa sadfa, wamepigwa picha ya kichwa kwa sababu ya ajali ya pikipiki.

Ni ugonjwa adimu. Katika nchi ambako hesabu zimefanywa, hugunduliwa kwa mtu mmoja hivi katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Iwapo kiwango chetu ni kama hicho, basi kwa idadi ya watu iliyopatikana katika sensa ya mwaka 2019, yaani zaidi ya milioni 47, Kenya ingekuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 400 kila mwaka. Kwa hiyo mwalimu asije akadhani kwamba kila mtoto aumwaye kichwa ana fundo. Walio wengi hawana. Kifafa nacho kina sababu nyingine nyingi.

Lakini na tuseme ukweli kuhusu yanayotendeka shuleni. Msichana wa shule ya bweni anaanguka asubuhi kwenye gwaride, mwili unatetemeka, povu linamtoka. Wenzake wanatawanyika. Mmoja anarejea na kijiko ili kumtia kinywani, mwingine anapiga magoti na kukemea pepo. Akizinduka anapelekwa kwa mwalimu wa zamu, anaulizwa kama amekula chochote cha ajabu, na jioni anatumwa nyumbani na barua ya kuwataka wazazi "washughulikie jambo hilo." Nyumbani jambo hilo linashughulikiwa kwa mganga au kwa mhubiri. Hospitali hufikiriwa baada ya miezi, labda baada ya kiharusi.

Anayeanguka hivyo alazwe kwa ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, ukosi ulegezwe, asitiwe kitu chochote kinywani, na mtu mmoja atazame saa. Mtikisiko ukipita dakika 5, hospitali mara moja. Hata ukiwa mfupi, ikiwa ni mara ya kwanza, lazima apelekwe kwa daktari. Na mwanafunzi apigwaye ghafla na maumivu ya kichwa makali kama radi, akatapika, shingo ikakakamaa au upande mmoja wa mwili ukalegea, huyo hapewi tembe mbili akalale bwenini.

Wanaotafuta mchawi nao wana jibu lao. Kwa miaka mingi ilidhaniwa tu kwamba mtu huzaliwa na fundo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika mengi ya mafundo hayo seli za kuta za mishipa zina badiliko katika jeni iitwayo KRAS, badiliko lililotokea katika seli hizo tu wala halikurithiwa kutoka kwa baba au mama. Ni vyema kina mama wa Kenya, ambao hulaumiwa kwa kila kilema cha mtoto, wakaambiwa jambo hilo kwa sauti.

Sasa tuje kwenye kisu chenyewe.

Upasuaji huu haukuzaliwa juzi, wala haukupatikana kwa urahisi. Mwaka 1927 daktari Mreno, Egas Moniz wa Lisbon, alifaulu kutia dawa katika ateri ya shingo na kuipiga picha mishipa ya ubongo kwa eksirei. (Ajabu ni kwamba tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1949 haikuwa ya kazi hiyo iliyowafaa wengi. Ilikuwa ya upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo wa mbele wa wagonjwa wa akili, ambao dunia ilikuja kuuonea haya.) Mwaka 1928 mabingwa wawili wa Marekani, Harvey Cushing na Walter Dandy, kila mmoja kwa maandishi yake, walieleza mafundo waliyoyakuta katika vichwa walivyovifungua, nao hawakuwa na matumaini makubwa ya kuyang'oa. Damu ilikuwa nyingi mno. Miaka minne baadaye, mwaka 1932, Herbert Olivecrona aliliondoa fundo zima mjini Stockholm, na mgonjwa akapona.

Hata hivyo, aliyeibadilisha kazi hii kabisa ni Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Zurich, Uswisi. Katikati ya miaka ya 1960 alikwenda Vermont, Marekani, kujifunza kushona mishipa midogo chini ya hadubini, na kuanzia mwaka 1967 akaifanya hadubini kuwa chombo cha kawaida katika upasuaji wa ubongo. Kile ambacho Cushing alikiona kama dimbwi la damu, Yaşargil alikiona kama mshipa mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine.

Mkulima wa mpunga wa Mwea ataielewa kanuni ya upasuaji huu upesi kuliko wengi wetu. Akitaka kulikausha jaruba, haanzi kwa kuziba mfereji wa kutolea maji. Hufunga kwanza mlango wa kuingizia. Akikosea mpango huo, kingo hubomoka. Mpasuaji naye, akiisha kumlaza mgonjwa kwa nusukaputi, kukata kipande cha fuvu na kufungua utando wa ubongo, huzitafuta ateri zinazolilisha fundo na kuzifunga moja baada ya moja. Hulizunguka fundo pole pole, akilitenga na ubongo mzima ulio pembeni yake. Vena kubwa inayolitoa damu huiacha hadi mwisho kabisa. Akiikata mapema, damu inaendelea kuingia bila kuwa na pa kutokea, na fundo likapasuka mbele ya macho yake. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Ikiisha, picha ya mishipa hupigwa tena, kwa maana kipande kidogo kilichosalia chaweza kuvuja kama fundo zima.

Hatari haiishi hapo. Ubongo uliolizunguka fundo ulizoea kunyang'anywa damu kwa miaka mingi. Fundo likiondoka, damu hurudi kwa wingi katika mishipa isiyoizoea, na ubongo waweza kuvimba au kuvuja. Ndiyo sababu siku za kwanza mgonjwa huwekwa katika chumba cha uangalizi maalumu, na shinikizo la damu yake likalindwa kwa dawa.

Kutokana na hayo yote, swali la nani apasuliwe na nani aachwe limewasumbua madaktari kuliko swali la namna ya kupasua. Mwaka 1986 Robert Spetzler na Neil Martin, waliokuwa Phoenix, Arizona, walitoa kipimo ambacho hadi leo kinatumika duniani kote, na ambacho hata mwanafunzi anaweza kukihesabu. Fundo lisilofika sentimita 3 hupewa alama 1. La sentimita 3 hadi 6, alama 2. Linalozidi sentimita 6, alama 3. Likiwa katika sehemu ya ubongo inayotawala usemi, mwendo, kuona au kazi nyingine kama hizo, huongezwa alama 1. Damu yake ikitoka kupitia vena za ndani kabisa ya ubongo, huongezwa alama 1 nyingine. Jumla huwa kati ya 1 na 5.

Waliwachunguza wagonjwa 100 waliokwisha kupasuliwa. Wa alama 1 wote walitoka salama. Wa alama 2 waliotoka bila dhara jipya walikuwa asilimia 95. Wa alama 3, asilimia 84. Wa alama 4, asilimia 73. Na wa alama 5, asilimia 69. Kwa ufupi, takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye alama 5 aliamka akiwa na upungufu ambao hakuingia nao chumbani. Na hiyo ilikuwa mikono ya mabingwa. Matokeo ya mkono mmoja si matokeo ya kila mkono. Kwa hiyo mgonjwa anayo haki ya kumwuliza daktari wake, kwa heshima, amekwisha kuyatoa mafundo mangapi na wenyewe walikuwaje baadaye. Kuuliza si ujinga.

Kuna jambo jingine ambalo wanakamati wa harambee hawaambiwi. Mwaka 2007 ulianzishwa uchunguzi uitwao ARUBA, katika hospitali za nchi kadhaa, kuhusu watu wenye mafundo ambayo hayajawahi kuvuja. Kwa kura, baadhi waliwekwa upande wa kutibiwa dalili tu kwa dawa, na wengine upande wa kuliondoa fundo lenyewe kwa kisu, kwa gundi au kwa miale. Mwaka 2013 uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa tofauti ilikuwa imekwisha kuonekana. Katika watu 223 waliofuatiliwa kwa wastani wa miezi 33, waliopata kiharusi au kufa walikuwa asilimia 10.1 upande wa dawa, na asilimia 30.7 upande wa kuingilia fundo.

Wapasuaji wengi waliyapinga matokeo hayo, nasi twaona wana hoja. Waliopasuliwa kwa kisu peke yake walikuwa wachache sana. Walio wengi walitiwa gundi au kupigwa miale. Tena miezi 33 ni muda mfupi kwa mtu mwenye umri wa miaka 20, maana hatari ya kisu hulipwa siku moja na hatari ya fundo hulipwa maisha yote. Lakini hoja hizo haziufuti ukweli ulioonekana, kwamba kuacha nako ni tiba, na mara nyingine ni tiba bora.

Walimu wa hisabati wanaweza kutusaidia hapa. Hatari ya fundo kuvuja kwa kawaida hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 2 na 4 kwa mwaka. Tuchukue 3. Kijana wa miaka 17 anayetarajia kuishi miaka 50 zaidi ana hatari gani? Atakayezidisha 3 kwa 50 atapata 150, jibu lisilo na maana. Sharti tuanze na uwezekano wa kusalimika mwaka mmoja, ambao ni 0.97, kisha tuuzidishe kwa wenyewe mara 50. Hupatikana 0.22 hivi. Maana yake ni kwamba uwezekano wa fundo kuvuja angalau mara moja katika miaka hiyo ni takriban asilimia 78. Kwa mzee ambaye fundo lake halijavuja, tukikadiria asilimia 2 kwa mwaka kwa miaka 10, ni asilimia 18. Ugonjwa ni ule ule, hesabu mbili tofauti kabisa. Tukumbuke vilevile kwamba katika kila watu 10 wanaovuja damu hivyo, mmoja au zaidi hufa, na wengi miongoni mwa wanaosalia hubaki na ulemavu.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Fundo lililokwisha kuvuja mara moja ni hatari kuliko lisilowahi kuvuja. Kwa hiyo kijana aliyevuja damu, mwenye fundo dogo lililo mahali panapofikika, huyo, kwa maoni yetu, apelekwe kwa mpasuaji hodari bila kupoteza muda kwa maombi ya mlimani. Lakini mtu mwenye fundo kubwa la alama 4 au 5 ambalo halijapasuka, ambaye shida yake ni kifafa kinachotulizwa na vidonge, kumwuzia shamba ili apelekwe ng'ambo kukatwa ni kumtafutia kiharusi kwa gharama kubwa. Walio katikati, wa alama 3, ndio wanaohitaji mazungumzo marefu.

Ziko pia njia nyingine mbili. Moja ni kupitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi ubongoni na kumimina gundi ndani ya fundo. Mara nyingi hiyo humtayarishia mpasuaji njia badala ya kumaliza kazi. Nyingine ni miale iliyoelekezwa mahali pamoja, ambayo chombo chake kilibuniwa na Lars Leksell huko Stockholm na kutumika kwanza mwaka 1968. Yafaa kwa mafundo madogo yaliyojificha mahali ambapo kisu hakiwezi kufika, ila huchukua miaka 2 au 3 kuliziba fundo, na muda huo wote hatari ya kuvuja ingalipo. Aliyepigwa miale leo asidhani amepona kesho.

Yote hayo yanaweza kuzungumzwa hapa nchini kabla ya mtu kupanda ndege. Upasuaji wa ubongo si mgeni jijini Nairobi. Mwitaliano Renato Ruberti alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1960, na siku hizi Wakenya wanafunzwa kazi hiyo papa hapa nyumbani. Hawatoshi, na vifaa ni vichache nje ya miji mikubwa. Hilo ni lawama juu ya waliopanga bajeti. Lakini kuisoma picha na kulipa fundo alama zake hakuhitaji tiketi ya kwenda India.

Kinachokosekana ni lugha. Mzazi huitwa katika ushoroba wa hospitali, akaelezwa kwa Kiingereza cha haraka, akapewa hati ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Anatia. Hajui kama ameambiwa asilimia 5 au 31. Ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa kadiri iwezekanavyo. Twaitaka Wizara ya Afya itoe hati za idhini za upasuaji kwa Kiswahili, zenye nafasi ya kuandika tarakimu, ili mzazi aende nazo nyumbani na kuzisoma pamoja na mtu anayemwamini.

Mara nyingi mtu huyo ni mwalimu. Kijijini mwalimu ndiye huletewa barua za hospitali azifasiri, na ndiye huombwa akae katika kamati. Basi atakapoitwa, na aulize mzazi ameambiwa nini: fundo liko wapi, lina ukubwa gani, limekwisha kuvuja au la, alama zake ni ngapi, na daktari anasema litakuwaje likiachwa. Akikuta mzazi hana majibu, amrudishe hospitalini siku hiyo hiyo, ikibidi aandamane naye. Hiyo ndiyo iwe ajenda ya kwanza ya mkutano. Mweka hazina atachaguliwa baadaye.